Jiwe lililovishwa sweta

Juni hapa Mafinga, mkoani Iringa, watoto wa awali huingia darasani wamekunja viganja ndani ya mikono ya sweta, pumzi zikiwatoka kama moshi. Huo ndio msimu ninaoupenda kwa somo la kwa nini tunakula.

Zamani nilianzia ubaoni: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Darasa liliitikia vizuri sana. Nikimwita mmoja pembeni na kumuuliza, "Wewe unakula kwa nini?" jibu lilikuwa, "Mama amesema nile." Maneno ya ubaoni hayakuwa yamemfikia. Mtoto wa miaka 5 anaujua mwili wake kwanza.

Sasa naanza na jiwe. Jioni tunalivisha sweta na kulilaza darasani. Asubuhi wanaligusa: la baridi vilevile. Nawaambia kila mmoja atie kiganja kwapani. Kuna joto! Jiwe nalo limelala na sweta, mbona limepoa? Hapo mabishano huanza, nami nayaacha yaendelee. Mwaka jana binti mmoja alilitazama lile jiwe kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Halijanywa uji."

Ndivyo hasa. Sweta hulizuia joto lisipotee. Joto lenyewe hutoka ndani, chakula kinapotumika polepole kama kuni jikoni, usiku na mchana, mwili ukabaki kwenye nyuzi 37 hivi hata nje kukiwa na umande wa barafu.

Baadaye nampa kila mtoto tonge dogo la ugali mkavu, atafune bila kumeza huku nikihesabu. Kabla sijafika mbali, macho yanatoka: "Mwalimu, umekuwa mtamu!" Mate yameanza kuuvunja wanga kuwa sukari. Na sukari hiyo ina mlaji mkubwa: katika umri huu ubongo peke yake hutumia karibu nusu ya nguvu yote ya mwili. Ndiyo maana aliyekuja bila uji, saa nne anasinzia.

Lakini kuni hazijengi ukuta, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta Iringa watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Ni mkoa unaouza mahindi! Maradhi ya mara kwa mara yamo, lakini pia tumezoea kuhesabu shibe. Ugali unashibisha, matofali ya mwili yako kwenye maharage, dagaa, maziwa na mayai.

Nilipolisema hilo mara ya kwanza nilibandika picha za mayai na samaki wakubwa. Mvulana mmoja akauliza, "Nyumbani hatuna mayai. Mimi sitakua?" Nilizibandua siku ileile. Sikupaswa kumtia mtoto hofu kwa kitu asichokinunua yeye. Tangu hapo nafundishia vilivyomo majumbani mwao: maharage, karanga, majani ya maboga, parachichi la uani.

Jumatatu iliyofuata alikuja na mfuko wa sweta umetuna. Akafungua kiganja: maharage mabichi, ya njano na mekundu. "Matofali, Mwalimu." Tuliyatia kwenye makande ya siku ile.