Nafuu ya uta wa roda na usalama wa anayeanza kuutumia

Uta wa roda ni uta wenye mbawa mbili fupi na ngumu, ya juu na ya chini, ambazo ncha zake zimefungwa roda. Upote, yaani kamba inayosukuma mshale, na kebo huzizunguka roda hizo, kisha kebo hurudi kushikwa kwenye ubawa wa upande wa pili. Ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Kinachoutenga na uta wa mti mmoja ni nafuu, yaani kiasi cha uzito kinachopungua mkononi mwa mpigaji anapofika mwisho wa kuvuta. Anayetaka kuanza mchezo huu, awe Mbeya mjini, Mafinga au Njombe, aielewe nafuu kabla ya kuuliza bei ya uta, kwa sababu hatari nyingi za chombo hiki zinatokana na urahisi wake huohuo.

Roda hizo hazikutobolewa katikati. Ekseli yake imepita pembeni, hivyo roda inapozunguka, wenzo unaoutumia kupinda ubawa hubadilika hatua kwa hatua. Mwanzoni uzito hupanda haraka, katikati hufika kileleni, na karibu na mwisho hushuka kwa ghafla hadi upote unapogota mahali pasipoendelea. Uta wenye kilele cha ratili 60, sawa na kilo 27 hivi, ukiwa na nafuu ya asilimia 80, humwachia mpigaji ratili 12 tu za kushikilia, yaani kilo tano na nusu. Ndiyo maana anaweza kutulia sekunde kadhaa akilenga bila mkono kutetemeka, jambo ambalo mwenye uta wa kawaida hulipata kwa shida.

Hata hivyo, nafuu ni ya mkono, si ya uta. Mbawa zimepindwa kikamilifu na nguvu yote uliyotumia kupita kilele ingali imehifadhiwa ndani yake. Mshale ndio unaoichukua sehemu kubwa ya nguvu hiyo upote unapoachiwa. Mshale usipokuwepo, nguvu hurudi kwenye uta wenyewe: upote huweza kukatika au kuruka nje ya roda, roda kupinda, ubawa kupasuka na vipande kumrukia usoni aliyeushika. Huku ndiko kufyatua uta mtupu, na mara nyingi anayefanya hivyo si mpigaji bali ni mgeni aliyeukuta umetundikwa sebuleni akataka kujua ni mgumu kiasi gani. Kwa maoni yangu, uta wa roda ukae ndani ya mkoba uliofungwa, na asiyefundishwa asiuvute hata kwa mzaha. Ukiwa umekwisha kufyatuliwa mtupu, usitumike tena mpaka ukaguliwe: roda ziangaliwe kama zimenyooka, upote na kebo kama vina nyuzi zilizokatika, na kipande cha pamba kipitishwe taratibu juu ya mbawa, kwa kuwa pamba hunasa kwenye ufa ambao jicho halijauona.

Hatari ya pili huonekana pale mpigaji anapoghairi. Ameshavuta, ameshafika kwenye nafuu, kisha mtoto anakatiza njia au mkono unachoka, naye anataka kuurudisha upote polepole. Akisogea kidogo tu mbele, roda zinapita kilele na zile ratili 12 zinakuwa 60 kwa mara moja. Bega hunyakuliwa, uta huyumba, na kidole kilichokuwa kwenye kifyatulio, yaani kifaa cha mkononi kinachoushika upote na kuuachia kikibonyezwa, hubonyeza bila kukusudia. Kurudisha upote ni ujuzi unaofundishwa siku ya kwanza, kwa uta uliolegezwa hadi uzito mdogo, mshale ukiwa kwenye upote na umeelekezwa kwenye shabaha, kidole kikiwa nyuma ya kifyatulio muda wote. Mtu mzima anayeanza hutoshwa na ratili 30 hadi 40. Kipimo kizuri ni kuvuta akiwa ameketi kwenye kiti, uta ukiwa usawa wa shabaha. Akilazimika kuuinua juu angani ili apate nguvu, uzito huo si wake bado, na mshale ukimponyoka katika hali hiyo hakuna ajuaye utaangukia wapi.

Urefu wa kuvuta nao hauna mjadala, kwa kuwa uta huu hugota pale ulipopangiwa. Nyoosha mikono pande zote mbili, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawa kwa mbili na nusu. Mwenye sentimita 170 hupata takriban 68. Kwa sababu hiyo uta wa roda hauazimwi kama jembe: wa kaka mrefu utamkunja mdogo wake mkao na kumfanya ajipige upote mkononi.

Mishale ya mianzi au matete ambayo vijana huchonga wenyewe isitiwe kabisa katika uta huu, kwa maana wano wake hauhimili msukumo. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni angalau greni 5 za mshale (greni ni kipimo kidogo cha uzito, 7,000 hufanya ratili moja) kwa kila ratili ya uta, hivyo uta wa ratili 40 hudai mshale usiopungua gramu 13. Mshale mwepesi mno unakaribia kufyatua mtupu, na ule mfupi mno huweza kudondoka kwenye kishikilio chake na kuchoma kiganja. Wa kaboni ukunjwe kidogo karibu na sikio kabla ya kila mzunguko. Ukisikika ukilia au ukionekana umechanika, uvunjwe na kutupwa.

Mahali pa kufanyia mazoezi huku kwetu panataka uangalifu wa pekee. Shamba la mahindi lililo nyuma ya shabaha halifai hata likionekana tupu, kwani mahindi ya mwezi wa pili humficha mtu mzima, na njia za mkato hupita humo. Shimo la zamani la kuchimbia udongo wa tofali, lenye ukuta mrefu wa udongo, hufaa zaidi. Mbele yake huwekwa viroba vilivyoshindiliwa matambara, umbali wa mita 10, ingawa mashindano ya kimataifa ya uta wa roda ya uwanja wa nje hupigwa mita 50. Mti wa msindano au mlingoti haufai kuwa shabaha, kwani mshale huvunjika au hurudi. Baridi ya Juni na Julai nayo huleta makoti mazito, na upote hunasa mikono ya koti, skafu na kamba za kofia, kwa hiyo vaa nguo ya kubana na kinga ya mkono. Kuelekea porini na uta huo ni suala jingine kabisa, maana kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Wapigaji wakiwa wengi, wote husimama kwenye mstari mmoja na kufuata filimbi: mbili ni kuingia mstarini, moja kuanza, tatu kwenda kuchukua mishale, na tano au zaidi ni kusimama papo hapo. Anayechomoa mshale huhakikisha hakuna aliyesimama nyuma yake, kwa kuwa kitako cha mshale hutoka kwa kishindo na kimo chake ni cha macho.

Upote upakwe nta mara kwa mara, na uta usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Kubadili upote au kebo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kubana mbawa, kwa sababu hata uta ukiwa umetundikwa tu, mbawa zake zimekwisha kupindwa na kebo zimebeba mzigo. Anayezikata au kuzilegeza nyumbani kwa bisibisi huziachia mbawa zote mbili kwa mkupuo mmoja.