Digidigi akivuka minyaa, ni wa nani?

Vijijini Kondoa na Chemba kuna imani ya tangu enzi za mababu: mnyama akiingia shambani mwako, ni wako. Ndiyo maana jirani akimjeruhi digidigi upande wake, kisha mnyama akavuka ua wa minyaa na kuangukia kwa mwenzake, ugomvi huanza. Mmoja hudai mshale, mwingine hudai ardhi.

Kisheria, wote wawili hawana chao. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba inakupa haki ya kutumia ardhi. Haikupi sungura wala kanga wa porini anayepita juu yake. Kuwinda bila kibali ni kosa hata ndani ya mipaka yako.

Najua uchungu wa mkulima anayeamka na kukuta mtama umefagiwa na tembo, na kwake neno "mali ya umma" linakera. Lakini hapo ipo njia: toa taarifa haraka kwa ofisi ya kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya, uharibifu ukaguliwe kabla alama hazijafutika. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2011 zinaruhusu malipo ya kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa.

Na ukifuata mbuzi wako aliyepotea kwa jirani, piga hodi kwanza. Mbuzi huyo kweli ni wako.