“Break” si kuvunja tu: dhana potofu kuhusu Kiingereza cha habari

Anayejifunza Kiingereza kwa kusoma magazeti hukwama mahali pamoja: kila neno analijua, lakini yakikaa mawili matatu pamoja hayamwambii kitu. Lugha ya habari ina maneno yaliyozoeana kama chanda na pete. Ukiyatenganisha ili uyatafsiri moja moja, maana inakuponyoka.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba “break” ni kuvunja basi. “To break a story” ni kuwa wa kwanza kuitoa habari ambayo wenzako hawajaipata, na kuna waandishi wanaojivunia tendo hilo maisha yao yote. “Breaking news” ni habari za hivi punde, ambazo maelezo yake bado yanaingia. Kisha ipo “to break the news to someone”, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Huku ni kumpasha mtu habari, aghalabu nzito. Linganisha sentensi mbili. “The paper broke the story on Monday”: gazeti liliwatangulia wenzake Jumatatu. “She broke the news to her mother”: alimweleza mama yake jambo ambalo huenda lilimtoa machozi. Kitenzi ni kilekile, ila ya kwanza ina mbio ndani yake na ya pili ina huruma. Kinachozitenga ni “story” na “news”, pamoja na kale ka-“to” kadogo.

Wapo pia wanaodhani “hit the headlines” ni ya ajali na kashfa pekee, kwa sababu ya lile pigo lililomo. La hasha. Aliyegundua dawa na aliyeiba mamilioni wote huweza kugonga vichwa vya habari, kama tunavyosema sasa hata sisi. “Make headlines” nayo haimaanishi kuvitunga. Mtungaji mara nyingi ni mhariri, na huenda mwandishi wa habari yenyewe hakuulizwa. Jambo likitawala siku kadhaa mfululizo, hapo ni “dominate the headlines”.

Katika “run a story” hakuna anayekimbia. Ni kuichapa au kuitangaza. “Spike a story” ni kuikataa. Zamani mezani kwa mhariri palisimama chuma chenye ncha, akachomeka humo karatasi za habari alizozitupilia mbali.

Kosa la “a news” nalielewa chanzo chake. Sisi tuna habari hii na habari hizi, tunahesabu bila shida. “News” ina “s” mwishoni, lakini haihesabiki na huchukua kitenzi cha umoja: “the news is good”. Ukitaka moja, sema “a piece of news” au “a news story”. “Many news” haipo.

Halafu kuna suala la nyakati. Watu husoma kitenzi cha wakati uliopo kwenye kichwa cha habari wakadhani jambo linatendeka sasa hivi. Gazeti la Chicago Daily Tribune la tarehe 3 Novemba 1948 liliandika “Dewey Defeats Truman”, likikusudia kwamba Dewey ameshamshinda Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani. Sarufi ya kichwa hicho haikuwa na kasoro. Habari ndiyo iliyokuwa ya uongo, kwa maana Truman ndiye aliyeshinda, akapigwa picha ameliinua gazeti lile huku akicheka. Kwa jambo lijalo, vichwa hutumia “to”: “Minister to visit flood victims”, yaani waziri atawatembelea waathirika wa mafuriko.

Na msidhani kila neno la kichwa cha habari linafaa kila mahali. “Slam”, “probe”, “axe” (kufuta au kufukuza) na “row” hupendwa kwa ufupi wake, maana nafasi ni finyu. “Minister slams report”: hakuna kilichobamizwa, waziri ameikosoa ripoti vikali. “Row” ya ugomvi hutamkwa “rau”, wala si “rou”. Katika barua ya kazi, andika “criticise” badala ya “slam”, na “investigation” badala ya “probe”.