Cha Bure Nacho Kina Wenyewe: Debian, Red Hat na Seva Zetu

Nimeambiwa tena, safari hii katika kikao cha zabuni, kwamba mfumo endeshi usiolipiwa haufai kwa seva za kazi kwa sababu hauna mwenyewe. Kauli hii imenichosha, na kwa kuwa inawagharimu watu fedha, naijibu.

Unix za kulipia za zamani, yaani mifumo endeshi ya seva iliyotangulia Linux, nazipitia haraka. AIX ya IBM ingalipo kwenye mashine za Power, HP-UX ilifikia ukomo wa msaada wa kawaida tarehe 31 Desemba 2025, na Solaris imo mikononi mwa Oracle tangu iliponunua Sun mwaka 2010. Kwa wengi wetu, basi, uchaguzi uliobaki ni kati ya Linux yenye mkataba wa msaada, kama RHEL (Red Hat Enterprise Linux) ya kampuni ya Red Hat, na isiyo nao, kama Debian, pamoja na FreeBSD, mfumo mwingine wa bure wa ukoo wa Unix, ambayo Netflix huitumia kwenye seva zake za kusambaza video.

Sasa tuutazame huo umiliki. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu wa OpenSSH (programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) wenye namba CVE-2024-6387, ambao ungeweza kumpa mtu asiye na akaunti mamlaka ya root, yaani udhibiti wote wa seva. Debian, isiyomtoza mtu hata senti, ilitoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu huo, siku hiyo hiyo. RHEL 8 haikuguswa kabisa, kwa kuwa ilibaki na OpenSSH 8.0p1 na kosa lenyewe liliingia katika 8.5p1; lakini RHEL 9, yenye 8.7p1, iliguswa.

Hapa ndipo wakaguzi wanaponikera. Debian 12 iliyokwisha kuzibwa bado huitambulisha OpenSSH yake kuwa ni 9.2p1, kwa sababu kiraka hupachikwa kwenye toleo lililopo bila kubadili namba kuu, na tofauti huioni mpaka usome mkia wa jina la kifurushi: 9.2p1-2+deb12u3. Programu ya ukaguzi inayosoma namba ya mbele peke yake huandika "hatari", kisha ripoti hufika kwa mkurugenzi kama ushahidi kwamba vya bure vimepitwa na wakati. Red Hat hufanya vivyo hivyo, na wateja wake huilipa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Kuhusu kukosa mwenyewe, ushahidi unaelekea upande wa pili. CentOS, nakala ya bure ya RHEL, ilikuwa chini ya Red Hat tangu 2014, na tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. OpenSolaris, toleo la Solaris lenye msimbo huria, nayo ilifungwa na Oracle mwaka 2010. Debian, inayoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1993, haina mmiliki mmoja anayeweza kuamka asubuhi na kuifunga.

Mkataba una thamani yake: RHEL hutunzwa miaka 10, Debian takriban 5 ukijumlisha LTS (kipindi cha ziada cha utunzaji), na hifadhidata ya Oracle haithibitishwi juu ya Debian, kwa hiyo anayeitegemea hana hiari. Ila sijashawishika kwamba miaka 10 ni faida tupu, kwani nimeona seva zikiachwa bila kuhamishwa hadi aliyezisanidi akaondoka na mkataba ukakaribia kwisha. Zabuni inayotaja leseni bila kutaja nani atapachika viraka, na ndani ya siku ngapi, haijalinganisha chochote.