Koti la John Dann, na namna ya kusoma ushahidi wa baharia wa 1696

Watu wanaokuja kwetu kitengo cha nyaraka wakipewa ushahidi wa mabaharia wa Kiingereza wa miaka ya 1600 huwa wanachangamka kweli, eti leo namsikia baharia mwenyewe anaongea. Ngoja kwanza. Tumchukue John Dann.

Huyu jamaa alikuwa mshika usukani wa mashua kwa Henry Every, yule haramia aliyeiteka Ganj-i-Sawai Septemba 1695, meli ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa inarudi Surat na mahujaji. Dann akarudi Uingereza kimyakimya mpaka kwao Rochester, koti akalitundika, mfanyakazi wa kike kulishika tu akashangaa mbona zito hivi? Kumbe ndani ya bitana zimeshonewa sarafu za dhahabu, zaidi ya pauni 1,000! Habari yake ikaishia hapo, akakamatwa, na tarehe 3 Agosti 1696 akatoa maelezo.

Serikali ilimhitaji sana. Makosa ya baharini yalikuwa ya mahakama ya Admiralty, na zamani sheria yake ilitaka mshtakiwa akiri au wapatikane watu walioona kwa macho, sasa haramia gani anakuachia shahidi? Sheria ya 1536 ikaleta juri, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, lakini juri nayo inataka kumsikia aliyekuwepo, kwa hiyo mtu wa maana ni mwenzao aliyegeuka kuwa shahidi wa serikali. Dann akageuka, na kijana mmoja anaitwa Philip Middleton naye akageuka.

Tarehe 19 Oktoba, mahakama ya Old Bailey London, yupo Charles Hedges jaji wa Admiralty, yupo na Jaji Mkuu Holt, mashahidi wakasimulia yote na juri ikawaachia washtakiwa, mabaharia wenzao wa Every! Wakubwa wakabaki midomo wazi, maana kule Surat watu wa Kampuni ya India Mashariki walishasota ndani kwa ajili ya huyo huyo Every. Tarehe 31 wakarudishwa kwa shtaka jingine, kuiba meli yenyewe waliyoifanyia uharamia, Charles II, pale La Coruña, Hispania, Mei 1694 ambako mabaharia walikuwa wanadai mishahara yao. Safari hii hawakuchomoka. Watano wakanyongwa Wapping, London, 25 Novemba, pembeni ya mto Thames.

Dann alikuwa anaongea huku shingo yake mwenyewe iko rehani, kwa hiyo angalia sana alichoulizwa na nani anauliza. Hata kwenye kesi za kawaida za Admiralty, za mishahara na mizigo, baharia alitaja jina, umri na anakoishi, halafu karani ndiye anaandika, tena anaandika "shahidi huyu anasema", na wasiojua kuandika, chini wanachora alama tu.

Ukimaliza kwa Dann soma na barua ya Every mwenyewe, ameiacha Anjouan hapo Komoro Februari 1695 kwa manahodha wa Kiingereza, anasema hajawahi kumdhuru Mwingereza wala Mholanzi. Yeye hakuna aliyemhoji, maana hawakumkamata kabisa.