Rula iliyofichika kati ya galaksi

Galaksi mbili peke yake haziniambii kitu kuhusu umbali. Nipe makumi ya maelfu, kazi ianze: ndani yake mna rula, yaani urefu mmoja tunaoujua, ambao tunaupimia umbali wa ulimwengu.

Chanzo cha rula yetu ni sauti. Kwa miaka kama 380,000 ya mwanzo, ulimwengu ulijaa plazma ya moto (supu ya chembe zenye chaji), mata na mwanga vikisukumana bila kuachana. Kila palipokuwa na msongamano uliozidi kidogo, wimbi la sauti lilitanuka pande zote, kwa takribani nusu ya kasi ya mwanga. Ulimwengu ulipopoa, atomu zikaumbika, mwanga ukachoropoka, na wimbi likakwama lilipofikia. Urefu huo, ukitanuliwa hadi leo, ni kama miaka ya nuru milioni 490. Galaksi zilipokuja kuzaliwa, zikaegemea kidogo kuachana kwa umbali huohuo.

Hapo kwenye "kidogo" ndipo jasho linapotutoka. Nachukua kila galaksi, nakokotoa umbali kati yake na nyingine zote, nahesabu jozi. Halafu narudia hesabu hiyo kwa nukta ambazo kompyuta imezitawanya ovyo katika eneo lilelile la anga, kisha nalinganisha. Mstari wa grafu ya ziada ya jozi kwa kila umbali unateremka, unateremka, mpaka kwenye milioni 490 unainuka: kinundu. Ziada yake ni kama asilimia 1 tu ya jozi, kwa hiyo galaksi zikiwa chache humezwa na bahati nasibu. Mwaka 2005 watafiti wa SDSS, mradi wa kuchora ramani ya anga, walikiona kwa galaksi 46,748, na wenzao wa 2dF, mradi mwingine wa ramani ya galaksi, wakakiona mwaka huohuo.

Kupima sasa ni suala la pembe. Kwa galaksi ambazo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 5 hivi, rula hii huchukua digrii 4 na ushei angani, zaidi ya miezi mipevu minane ikipangwa mstari. Pembe ikipungua, umbali umeongezeka. Na uzuri ninaoupenda zaidi ni kwamba urefu wa rula unatokana na fizikia ya plazma ile. Hatuhitaji kuanza kwa kupima umbali wa nyota yoyote ya karibu.

Leo DESI, chombo cha kuchambua mwanga wa galaksi kwenye darubini ya Kitt Peak, Arizona, ina nyuzi 5,000 za kioo, kila moja na roboti wake wa kuielekeza. Machi 2025, galaksi na kwasa (viini vya galaksi ving'aavyo mno) zaidi ya milioni 14, zikiunganishwa na vipimo vya aina nyingine, zilidokeza kwamba nishati ya giza, ile inayoharakisha kutanuka kwa ulimwengu, huenda inadhoofika. Bado hakujafikiwa kiwango cha uhakika tunachodai kabla ya kuuita ugunduzi, nami nasubiri jozi zaidi.