Kuvuka Namanga: yanayosemwa na yalivyo

Anayesafiri kwa basi kati ya Arusha na Nairobi mara nyingi haumizwi na nauli. Anaumizwa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kwa karatasi yenye kasoro, noti isiyotumika tena, au kijana mwenye haraka ya kumsaidia. Na ushauri anaopewa na abiria wenzake mara nyingi umepitwa na wakati.

"Kitambulisho cha taifa kinatosha."

Kinatosha kwa Mkenya anayekwenda Uganda au Rwanda, maana nchi hizo tatu zilianza kukubaliana vitambulisho mwaka 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Mtanzania mwenye kadi ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) peke yake atakwama dirishani. Achukue pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka ofisi ya uhamiaji, na aifuatilie siku kadhaa kabla, si asubuhi ya kuondoka.

"Kadi ya homa ya manjano inaisha baada ya miaka 10."

Ilikuwa hivyo zamani. Tangu 11 Julai 2016, kanuni za afya za kimataifa zinakitambua cheti hicho cha chanjo kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Anayekutaka uchanjwe upya kwa sababu ya tarehe tu amekosea, au anatafuta chai.

Kasoro zinazokiangusha cheti ni nyingine kabisa: hakina muhuri wa kituo, hakina sahihi ya mtoa chanjo, namba ya chanjo haikujazwa, au jina halifanani na la pasipoti. Kikague palepale ulipochanjwa, kwa sababu mpakani hakuna wa kukurekebishia. Tena cheti cha mara ya kwanza huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa jana kwa safari ya leo hakusaidii.

"Bila mtu wa kukupitisha utachelewa."

Tangu 2018 Namanga ni kituo cha pamoja. Muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa ndani ya jengo moja, upande wa nchi unayoingia, madirisha yakifuatana. Mtanzania na Mkenya hawalipi viza. Ukidaiwa chochote, omba stakabadhi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Usiondoke dirishani kabla ya kusoma siku ulizopewa za kukaa nchini. Anayekuvusha kwa bodaboda bila muhuri anakuokolea nusu saa tu, na kesi yake utaikuta wakati wa kurudi.

"Wabadilisha fedha wa nje wana bei nzuri kuliko benki."

Bei wanayoitamka inaweza kuwa nzuri kweli. Mchezo uko kwenye kuhesabu: kikokotoo kilichochezewa, noti iliyokunjwa katikati ihesabiwe mara mbili, au bunda analolichukua eti "kulihakiki" na kukurudishia likiwa limepungua. Piga hesabu kwa simu yako, pokea na uhesabu zake kwanza, ndipo utoe zako. Bunda likirudi mkononi mwake, anza kuhesabu upya.

Kisha tazama noti zenyewe. Shilingi 1,000 ya Kenya ya toleo la zamani iliacha kuwa fedha baada ya 30 Septemba 2019; ya sasa ina jengo la mikutano la KICC la Nairobi upande wa mbele. Kwa Tanzania, noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 ziliondolewa, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha uliisha 5 Aprili 2025. Noti yoyote ya 500 ya Tanzania irudishe hapohapo, maana 500 sasa ni sarafu. Mpakani badilisha ya nauli na chakula tu.

"Mfuko wa plastiki ni kitu kidogo."

Kenya iliupiga marufuku 28 Agosti 2017, Tanzania 1 Juni 2019. Viatu na nguo chafu vifunge kwa kitambaa.

"Basi litanisubiri, na saa ya kuondoka naijua."

Basi husogea upande wa pili wakati abiria wako kwenye foleni. Andika namba ya gari na simu ya kondakta, na ushuke na pasipoti, pesa na simu. Kuhusu saa, muulize wakala kama aliyoitaja ni ya Kiswahili, kwa sababu tiketi za kielektroniki huhesabu kuanzia usiku wa manane: 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi ya 00:30 ya tarehe 15 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo uwe kituoni tarehe 14 usiku.